Nusu marathoni ya Moshi huanzia Mtwara mwezi Novemba

Mbio za Kilimanjaro kule Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Rudisha kalenda nyuma wiki 14 za mazoezi uone unaangukia wapi: nusu ya pili ya Novemba. Kusi imeshakwisha, kaskazi ndiyo kwanza inaingia, watu wako mbioni na korosho, na hewa ya Mtwara ni nzito kama mvuke wa sufuria ya wali. Huo ndio wakati mkimbiaji wa huku anatakiwa atoke kilomita 10 aelekee 21. Wengi huanza vizuri. Wiki ya tatu wanaitazama saa, wanaona kasi inashuka badala ya kupanda, wanajilazimisha, na Krismasi inawakuta na kisigino kibovu.

Kosa liko kwenye kipimo. Ratiba nyingi za mtandaoni zimeandikwa na watu wanaokimbia kwenye baridi, kwa hiyo zinakupa kasi: kilomita moja kwa dakika 6 na nusu, basi. Huku kasi hiyo haisemi kitu. Mwili haupoi kwa jasho kutoka, unapoa kwa jasho kukauka, na hewa ikishajaa unyevu jasho linatiririka tu hadi kwenye viatu. Damu inabidi igawanywe, nyingine iende kwenye misuli na nyingine ipelekwe kwenye ngozi kutafuta ubaridi, na moyo unaongeza mapigo ili kuhudumia kote kuwili. Ndiyo maana kasi ileile inaweza kuwa kazi nyepesi Julai na kuwa mateso Januari. Tazama hata kwa wakubwa: mwanamarathoni wetu Alphonce Simbu alikimbia Boston Aprili 2025 kwa saa 2:05:04, lakini Septemba mwaka huohuo, kwenye joto la Tokyo, dhahabu ya dunia aliichukua kwa 2:09:48. Mbio za ubingwa zina ujanja wake wa kuviziana, sawa, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ameshuka kiwango.

Kwa hiyo pima kwa pumzi. Mbio nyepesi ni ile ambayo unaweza kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukata sentensi. Mtu anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 60 atajikuta kwenye dakika 7 hadi 7 na nusu kwa kilomita, na bodaboda watamwuliza kama anaumwa. Awaache. Mbio za kasi ya kati ni zile ambazo unatoa maneno matatu au manne kisha unavuta hewa. Kinachozidi hapo hakihitajiki sana kwa mtu anayejenga nusu marathoni ya kwanza.

Wiki iwe na siku nne. Jumanne kilomita 6 au 7 nyepesi, na mwishoni vipande sita vya sekunde 20 vya kukimbia kwa wepesi, miguu ikizunguka haraka lakini mwili umelegea. Alhamisi ndiyo siku ya kasi ya kati: kilomita 2 za kupasha mwili, kisha dakika 8 mara tatu, katikati dakika 2 za kujikokota, halafu kilomita moja ya kupoza. Ijumaa kilomita 4 au 5 za pole kabisa. Jumapili, mbio ndefu.

Mbio ndefu ipande hivi: 10, 11, 12, kisha ishuke 9, halafu 13, 14, 15, ishuke 11, halafu 16, 17, 18. Wiki ya kumi na mbili 14, ya kumi na tatu 10, na ya kumi na nne ni Moshi. Zile wiki za kushuka ndizo watu wanazoziruka, kwa sababu siku hiyo wanajisikia vizuri. Mapafu na moyo vinazoea ndani ya wiki chache, ila kano na mifupa vinachukua miezi. Unajisikia vizuri kwa sababu injini imetangulia, fremu bado. Na jumla ya wiki isipungue mara mbili ya mbio ndefu. Mtu anayelala wiki nzima kisha Jumapili akaenda 16 hajengi, anavunja.

Sasa hesabu ya saa. Kilomita 18 kwa dakika 7 na robo ni saa 2 na dakika 10. Ukitoka saa 11 na robo alfajiri unamaliza saa 1 na dakika 25. Mwezi Juni jua la Mtwara huchomoza kwenye saa 12 na nusu, kwa hiyo ungepigwa na jua kwa muda usiofika saa nzima. Desemba linachomoza kabla ya saa 12, na nusu saa yako ya mwisho utaimaliza kwenye jua lililokwisha kukomaa. Dawa ni kutoka saa 10 na nusu. Hapo unahitaji taa ya kichwani na kizibao kinachoakisi mwanga, maana kuna pikipiki zinazotembea bila taa. Kimbia upande wa kulia wa barabara, ukitazamana na magari.

Njia inayopendwa ni ya kwenda Mikindani, kama kilomita 10 hivi kutoka mjini, na ghuba pale inaliwaza macho. Ina mitego miwili. Unakwenda magharibi na kurudi mashariki, maana yake unaporudi umechoka, jua jipya liko usoni. Miezi ya kusi inaongezeka ya pili: upepo unakusukuma mgongoni wakati wa kwenda, unajiona shujaa, kisha unakukaba kifuani wakati wa kurudi. Vaa kofia yenye ukingo, na kilomita 10 za kwanza ziwe polepole kuliko unavyotamani. Njia ya kwenda na kurudi pia inakulazimisha kubeba maji yote. Ndiyo maana kwa mbio za zaidi ya kilomita 14 mimi napendelea mzunguko wa kilomita 5 au 6 ndani ya mji, Shangani hadi Ligula na kurudi, unaopita mlangoni kwako na chupa imekusubiri kwenye kibaraza. Unachosha kuutazama, lakini siku mwili ukigoma uko karibu na nyumbani.

Kuna wanaosema wakimbie ufukweni kwa sababu mchanga ni laini kwa magoti. Magoti sawa, ila kisigino kinazama na kano ya nyuma ya mguu inavutwa zaidi kila hatua, na vigimbi vinapasuka kwa uchungu kesho yake. Kwenye mchanga mkavu usizidi dakika 15 mwanzoni. Mchanga mzuri ni ule mgumu ulioachwa na maji yaliyokupwa, na hapo lazima umjue mwezi. Siku za bamvu, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na kupwa kwenye saa 4 asubuhi, jua likiwa limeshawaka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndipo yanapokupwa alfajiri, lakini hayaendi mbali na ufukwe unabaki mwembamba ulioinama. Mguu wa upande wa baharini unakuwa chini muda wote, na nyonga zinalipa. Kwa kifupi ufukwe ni wa kuchezea, lami ndiyo ya kujengea. Na lami nayo ina mwinamo wake kuelekea ukingoni: ukianza kuumwa upande wa nje wa goti moja tu, angalia kwanza kama hukimbii siku zote upande uleule.

Maji yanataka mizani. Jipime bila nguo, kimbia saa moja, jifute jasho, jipime tena. Mfano: ulikuwa kilo 68, umerudi 66.9, na njiani ulikunywa mililita 300. Umepungua kilo 1.1, ongeza 0.3 uliyokunywa, jasho lako ni lita 1.4 kwa saa. (Mizani ya korosho haifai, usijaribu.) Huwezi kurudisha yote hayo, tumbo halipokei. Mililita 150 kila dakika 15 zinatosha, na ukimaliza ukiwa umepungua asilimia 2 hadi 3 ya uzito hakuna ubaya. Kibaya zaidi ni kunywa hadi uzito uongezeke: chumvi ya damu inazimuliwa, kichwa kinauma, unatapika, watu wanadhani una kiu wanakuongeza maji.

Mbio zikizidi dakika 75 maji matupu hayatoshi. Changanya lita moja ya maji, gramu 60 za sukari, yaani vijiko vya chai 12 hadi 15, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu ya kuua utamu. Ukiinywa kwa kipimo kile cha juu unapata kama gramu 36 za wanga kwa saa. Ndizi moja iliyoiva ya ukubwa wa kawaida inaongeza kama 25, na hapo umefika mahali pazuri. Dafu linasifiwa sana huku kwetu, na ni tamu kweli, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linatoa sodiamu. Litie chumvi kidogo, au linywe baada ya mbio pamoja na chakula chenye chumvi. Uraka, ile pombe ya mabibo, wa Jumamosi jioni hauendi na mbio ndefu ya Jumapili, wenyewe mnajua.

Jioni ya kuamkia mbio ndefu kula wali au ugali kama kawaida, ila mbaazi na vya kukaangwa uvipunguze, vitakukimbiza porini. Asubuhi kiazi kitamu kidogo au mkate vipande viwili na chai ya sukari, saa moja kabla.

Viatu nitavipita haraka. Vya mitumba ni sawa ukivichagua: bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, isipobonyea imekufa, hata kama juu kinang'aa. Weka mezani utazame kwa nyuma. Kilicholalia upande mmoja kimeshafuata mguu wa mwenye nacho wa kwanza. Nafasi mbele ya kidole kirefu iwe upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Soksi za pamba zikilowa jasho zinaleta malengelenge, tafuta za nailoni au poliesta. Mafuta ya mgando kwapani, mapajani na, kwa wanaume, kwenye chuchu.

Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimeze kabla ya mbio ndefu. Ni tabia iliyoenea na ni mbaya: figo tayari zinapata damu kidogo kwa sababu ya joto na upungufu wa maji, na dawa za jamii hiyo zinazibana zaidi. Maumivu yanayobadilisha namna unavyokanyaga yanataka siku tatu za kupumzika, si kidonge. Ukiwa na homa usikimbie. Ukipimwa na kukutwa na malaria, maliza dozi ya mseto ya siku tatu, kisha ujipe wiki nzima ya kutembea na kukimbia kwa pole kabla ya kurudi kwenye ratiba, na urudi wiki mbili nyuma ya pale ulipoachia. Na ukiwa njiani ukaona vipele vya baridi mwilini katikati ya joto, kizunguzungu, au mwenzako anaanza kuongea yasiyoeleweka, hapo mbio zimekwisha: kivuli, maji mengi mwili mzima, barafu ikipatikana, na hospitali.

Maendeleo utayaonaje, kama saa inadanganya? Kila wiki ya nne, ile ya kushuka, kimbia kilomita 5 njia ileile, saa ileile ya alfajiri, kwa pumzi ileile ya mazungumzo, na mwishoni hesabu mapigo ya shingoni kwa sekunde 15 uzidishe kwa 4. Kasi ikiwa ileile ya mara ya kwanza na mapigo yakawa yamepungua, umepanda, hata kama saa inakuonyesha dakika 7 na robo. Asiye na saa ya setilaiti atumie uwanja wa mpira: wa mita 105 kwa 68, ukizunguka mita moja nje ya mistari, mzunguko ni mita 354, na mizunguko 14 ni karibu kilomita 5 kasoro mita 44.

Siku yenyewe, kanuni ya Peter Riegel, ya kukisia muda wa mbio ndefu kutokana na fupi, inasema mwenye dakika 60 kwenye kilomita 10 anaweza kufika 21 kwa saa 2 na dakika 12, yaani dakika 6 na sekunde 17 kwa kilomita. Moshi asubuhi ni baridi kwa mtu wa pwani, na hapo ndipo anapojiponza: anatoka mbio kama aliyefunguliwa kamba. Moshi ina vilima, na iko juu kuliko hapa kwa mamia ya mita. Kilomita 5 za kwanza zishike kwenye 6:30, kwenye mpando sahau saa, rudi kwenye pumzi. Kilomita 42 ni habari nyingine. Inataka kilomita 50 na zaidi kwa wiki na mbio ndefu za hadi 30, na mwenye nusu marathoni moja tu asiifikirie mwaka huohuo.

Safari ni siku mbili za basi, ya kwanza hadi Dar, ya pili hadi Moshi. Ondoka Jumatano ikiwa mbio ni Jumapili. Kaa kiti cha kwenye ujia ili uweze kusimama, shuka kila basi linaposimama, kunywa maji hata kama unaogopa kubanwa na haja njiani, na viatu vya kukimbilia visiwekwe kwenye buti la basi: vibebe miguuni au mapajani.