Tairi kubwa kwenye pikapu: mshale una uongo wake, kilomita zina wake

Mtu akishafunga tairi kubwa kwenye pikapu, swali la kwanza gereji huwa "sasa spidi inadanganya kiasi gani?" Swali hilo lina kasoro, maana dashibodi ina vipimo viwili: mshale wa spidi na kihesabu cha kilomita. Mshale wa spidi ulikuwa ukizidisha tangu gari linatoka kiwandani, tena kwa makusudi. Kilomita hazikuwa na tabia hiyo. Ukivichukua kama kitu kimoja utanyoosha kimoja na kupinda kingine, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

Gari la mfano hapa ni pikapu ya dizeli, dabo kebini, iliyokuja na tairi 245/70R16 kwenye rimu za inchi 16 kwa 7. Zilizofungwa ni 265/75R16. Hesabu ya ubavuni, yaani ya namba zilizoandikwa kwenye tairi, ni hii: upana wa tairi (245, kwa milimita) zidisha kwa asilimia ya kimo chake (70), zidisha kwa 2, kisha ongeza kipenyo cha rimu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ya 16 ni milimita 406.4. Tairi ya kiwandani inatoka kipenyo cha milimita 749, kubwa inatoka 804. Gawanya 804 kwa 749 unapata 1.073. Yaani kila tairi mpya inapozunguka mara moja, gari linakwenda asilimia 7.3 zaidi ya vile dashibodi inavyodhani.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapopotea. Hesabu hiyo inalinganisha tairi mpya na tairi mpya. Gari ambalo kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika barabara, zilikuwa zimebaki milimita 3 lilikuwa linatembea na tairi ndogo kuliko maandishi ya ubavuni, kwa hiyo mruko anaouona dereva ni mkubwa kuliko 7.3. Ndiyo maana lazima upime sakafuni kabla ya kuvua tairi za zamani. Zikishauzwa, nafasi hiyo imepita.

Kupima sakafuni kunahitaji chaki, futi kamba ndefu ya mafundi ujenzi, na mita kama 15 za saruji iliyonyooka. Jaza upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kiasi kilekile unachotembelea siku zote, kwa kipima upepo kimoja. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi ya nyuma, pale chini inapogusa saruji, na mwingine sakafuni unaokutana nao. Watu wawili wasukume, mmoja akae kwenye usukani. Injini ikiwa imezimwa breki inakuwa nzito, kwa hiyo mwendo uwe wa kobe. Hesabu mizunguko 5, chaki ikirudi chini kabisa weka alama, pima.

Tairi za zamani zilitoa mita 11.21. Mpya zilitoa 12.26. Gawanya kwa 5: mita 2.24 na mita 2.45. Ukichukua kipenyo cha 804 ukazidisha kwa 3.14 unapata mita 2.52, siyo 2.45, na hapo mtu anaanza kulaumu futi. Futi haina kosa. Tairi iliyobeba gari inabonyea chini, na ikizunguka inafunika ardhi pungufu kidogo kuliko mzingo wake ikiwa hewani. Kwa tairi za radiali, zile zenye mkanda wa waya ndani, kipenyo zidisha kwa 3.05 kinakupeleka karibu na ukweli. Uwiano wa vipimo viwili vya sakafuni ulikuwa 1.094, siyo 1.073. Tofauti hiyo ya asilimia 2 ni kashata zilizokuwa zimeliwa.

Kuna wanaosema punguza upepo, spidi itakaa sawa. Haikai. Mkanda wa waya haurefuki wala kufupika kwa upepo, kwa hiyo mzingo unabadilika kidogo mno. Utakachopata ni tairi inayochemka kwenye lami ya saa nane mchana na kuliwa pembeni.

Baada ya sakafu ni barabara. Kutoka Dodoma mjini napendelea njia ya Manyoni: ukishapita Nala na Bahi unaingia uwanda wa Kintinku, ardhi tambarare na anga wazi, kabla ya kuanza kupanda Saranda. Njia ya Morogoro ina malori mengi, huwezi kushika mwendo mmoja kwa muda. Nenda mapema. Mchana upepo wa Dodoma hauharibu kipimo chenyewe, ila unamfanya dereva ashindwe kuutuliza mshale. Tembea kilomita 20 kwanza ili tairi na giaboksi vipate joto la kazi.

Simu yenye GPS inatosha. Programu yoyote inayoonyesha mwendo itafaa, hata bando likiisha, kwa sababu GPS haitumii mtandao wa simu; bila data inachelewa tu kupata setilaiti mwanzoni, dakika moja au zaidi. Iweke juu ya dashibodi karibu na kioo, siyo mfukoni wala kwenye kishimo cha vikombe. Kioo chenye tinti ya madini kinaweza kuzuia mawimbi. Usomaji ukiwa unarukaruka, anzia hapo.

Anayesoma simu awe abiria. Dereva kazi yake ni moja: mshale ukae juu ya mstari wa 80 bila kutikisika. Akishautuliza aseme "themanini", abiria ahesabu kimoyomoyo hadi 20, ndipo asome namba ya simu na kuiandika. Hizo sekunde 20 zina sababu: simu inachelewa nyuma ya gari, na ukisoma wakati mwendo bado unapanda utaandika namba ya chini kuliko ilivyo. Rudieni mara tatu, kisha geuzeni gari mrudie upande wa pili. Mtu aliyekaa kiti cha kushoto asisome mshale hata siku moja. Akiutazama kwa pembe anauona umehama kilomita 2 au 3.

Kwa tairi za zamani, mshale ukiwa 40 simu ilisoma 36; 60 ilikuwa 55; 80 ilikuwa 74. Kwa tairi kubwa, 40 ikawa 39, 60 ikawa 60, 80 ikawa 81.

Kwa hiyo tairi "mbaya" zimeusogeza mshale karibu na ukweli. Hakuna muujiza. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo watengenezaji wengi huifuata, inataka mshale usisome kamwe chini ya mwendo halisi, na ukizidisha usipite asilimia 10 ya mwendo huo pamoja na kilomita 4 kwa saa. Gari likiwa kwenye 80 halisi, mshale unaruhusiwa kufika 92. Kiwanda kinajiwekea akiba upande wa juu, na tairi kubwa zimeila akiba hiyo yote na kuvuka kidogo, maana kwenye 80 mshale sasa uko nyuma ya mwendo.

Hapa kuna jambo la mfukoni. Madereva wengi wamezoea kuingia kijijini na mshale kwenye 55 kwa sababu tochi ya trafiki huwa inasoma 50. Kwa gari hili zamani ilikuwa hivyo kweli. Sasa 55 ya mshale ni 55 ya tochi. Ukiona mtu amebadilisha tairi na ghafla anaanza kuandikiwa faini kwenye vibao vya 50 vilevile anavyovipita kila wiki, usitafute mchawi.

Asiye na simu ya kuaminika atumie saa na vigingi vya kilomita. Gawanya 3,600 kwa sekunde ulizotumia kwenye kilomita moja: sekunde 45 ni mwendo wa 80, sekunde 60 ni mwendo wa 60. Usitegemee kilomita moja, kwa sababu kidole kikichelewa nusu sekunde tayari umekosea zaidi ya asilimia 1. Chukua kilomita 5. Kwa 80 halisi ni dakika 3 na sekunde 45, na nusu sekunde hapo ni kama haipo.

Sasa kilomita, ambazo watu hawazipimi. Weka tripu, kile kihesabu cha safari kwenye dashibodi, kwenye sifuri, anzisha programu ya kurekodi safari kwenye simu, nenda kilomita 50 za njia iliyonyooka. Ukianzia Nala unazipata bila shida kabla ya Saranda. Tripu inasoma kwa mafungu ya mita 100, kwa hiyo safari ya kilomita 2 haikupi jibu la maana. Usisimame sokoni katikati. Simu iliyosimama huendelea "kutembea" mita kadhaa huku na huko na kuziongeza kwenye jumla.

Kwa tairi za zamani, kilomita 50 za simu zilikuwa 51.0 za dashibodi. Kwa tairi kubwa zikawa 46.6. Gawanya 50 kwa 46.6: 1.073. Namba ileile ya ubavuni. Hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba kilomita zilikuwa sahihi kiwandani kwa tairi mpya, na kwamba upotofu wote wa sasa ni wa tairi.

Maana yake gereji: anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 za dashibodi anaibadilisha kwenye 5,365. Na anayelalamika kwamba tairi kubwa zimeongeza ulaji wa mafuta apige hesabu upya kwanza. Lita 60 kwa kilomita 500 za dashibodi ni kilomita 8.3 kwa lita, lakini gari limetembea 536, yaani 8.9. Ulaji unaongezeka kweli, maana tairi ni nzito na gia zimekuwa ndefu kwa asilimia 7, utalisikia gari likiomba gia ya chini mapema zaidi Saranda. Ila robo tatu ya malalamiko ninayoyasikia ni kilomita zilizopotea tu.

Kurekebisha kunategemea gari linapata wapi habari ya mwendo. Pikapu za zamani zenye kebo ya spidi zina gia ndogo ya plastiki inayochomekwa kwenye giaboksi au kwenye transifa, kile kisanduku cha gia za 4x4. Meno yakipungua, kebo inazunguka haraka zaidi na mshale pamoja na kilomita vinapanda. Ukitoa ya meno 33 ukaweka ya meno 31 unaongeza asilimia 6.5, karibu kabisa na tunachotaka. Hakikisha ni ya familia ya giaboksi hiyohiyo, kwa sababu gia isiyokaa vizuri kwenye mwenzake hutafunwa ndani ya wiki, na vipande vya plastiki huishia kwenye oili.

Gari lenye sensa ya umeme kwenye giaboksi linafungwa kiboksi cha kurekebisha mapigo ya umeme ambayo sensa hutuma kwenye dashibodi. Kina waya wa moto, wa ethi, na njia mbili za ishara, ya kuingia na ya kutoka. Kata waya wa ishara nyuma ya dashibodi, ndani ya kebini, siyo kule chini kwenye giaboksi ambako vumbi la kiangazi na matope ya mashamba ya mpunga ya Bahi vitakimaliza. Unga kwa risasi ya kuchomea, usipindepinde waya na kufunika kwa selotepu. Mshale ukianza kucheza chini ya 20, kwanza kagua ethi. Kwenye gari la otomatiki kata tawi linalokwenda dashibodi peke yake, kwa kuwa tawi jingine linaamua lini gia zibadilike.

Magari mapya zaidi huchukua mwendo kutoka kwenye sensa za magurudumu za ABS, mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga. Hayo kiboksi cha waya mmoja hakiyasaidii. Fundi umeme mwenye kompyuta ya gari anaandika upya mzingo wa tairi, kwa milimita, ikiwa gari linaruhusu. Mpe kile cha sakafuni, 2,452, siyo cha 3.14.

Na kiboksi kinawekwa asilimia ngapi? Hapa ndipo yale maneno ya mwanzo yanaposimama. Ukifuata mshale utaona kosa la asilimia 1 tu na utaweka 1. Kilomita zitabaki zimepungua kwa 6. Ukifuata simu na kutaka mshale ulingane nayo kabisa, umefanya kosa hilohilo kwa majivuno zaidi. Weka 7.3, namba ya kilomita. Nilipoweka hivyo, kilomita 50 za simu zikasoma 50.0 kwenye tripu, na mshale wa 80 ukarudi kuwa mwendo wa 75 na nusu. Anayeujua mshale wake wa zamani ataona umerudi nyumbani, na kijijini akiingia na 55 tochi itasoma 51. Aingie na 50.

Tairi ya akiba nayo iwe ya saizi hiyohiyo. Ile ya zamani ikifungwa nyuma upande mmoja, difu, gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, inazunguka muda wote kufidia tofauti, na ukiingiza 4x4 kwenye lami unaikaba transifa. Mashine ya kuinua tairi ya akiba chini ya bodi inaweza isipokee 265/75. Ijaribu kabla hujaondoka dukani. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili pia, ukisikiliza kama tairi inakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi. Kisha kashata zikishuka hadi milimita 4, rudia chaki na sakafu. Kipenyo kitakuwa kimepungua kama milimita 16, na kilomita zitakuwa zinazidi kwa asilimia 2.