Ungo wa dagaa

Agosti 2014 nilisafiri kwa treni hadi Kigoma kumwona bibi mzaa mama, aliyekuwa akiishi Ujiji kwa mama mdogo. Nilimkuta barazani. "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanikazia macho kwa upole, kisha akauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nilijitaja, akafurahi, akaniombea dua. Haikupita robo saa akaniuliza tena vilevile, na furaha yake ikawa mpya kabisa. Tulikwisha kuambiwa kuwa ni ugonjwa wa Alzheimer, lakini kuambiwa si kuona.

Alasiri mama mdogo aliweka kando yake ungo wa dagaa walionunuliwa mwaloni Kibirizi. Bila kuombwa, bibi akauvuta, akaanza kuchambua: kidole gumba kinavunja kichwa, kinang'oa utumbo mweusi, changarawe zinasukumwa ukingoni, naye macho yako barabarani. Mimi, ambaye yeye ndiye aliyenifundisha kazi ile nikiwa na miaka saba, nilimaliza fungu moja naye keshamaliza matatu.

Mikono ile ilinisumbua mpaka niliposoma habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 ili kupunguziwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili za ubongo. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Hata hivyo, mtafiti Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo, aliendelea kuboreka siku hadi siku, ingawa hakukumbuka kuwa amewahi kulifanya. Hipokampasi ndiyo inayofunga pamoja mtu, mahali na maneno yawe tukio moja, na Alzheimer kwa kawaida huishambulia mapema; mazoea ya mikono hutegemea sehemu nyingine, ukiwemo ubongo mdogo wa kisogoni. Matukio ya zamani nayo mara nyingi hudumu kuliko ya jana.

Haya ya zamani niliyashuhudia jioni ileile. Bibi alisimamisha mikono, akaniambia kama mtu anayemsimulia mgeni, "Nina mjukuu wangu, nilimfundisha kuchambua. Vichwa vilimchoma vidole, akalia, lakini hakuondoka mpaka ungo ukaisha."

Nikamuuliza mjukuu huyo yuko wapi.

"Yuko Dar, anasoma. Atakuja," akasema, akanisogezea fungu lililobaki.