Nani Amelipia Sahani Hii?

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii kuna swali limeninyima usingizi. Dada mmoja katika Bwana amealikwa na wenzake wa kazini kwenye hoteli yenye kasino: bufee ya kula mpaka ushibe, bei ya chini. Akaniuliza, "Mchungaji, mimi sichezi kamari. Nakula, naondoka. Dhambi iko wapi?"

Sikumjibu papo hapo. Meza iliyojaa hunivuta hata mimi.

Mithali 23 inatukataza kutamani vyakula vya anasa vya mkubwa, maana ni vya hila. Hila zenyewe mnazijua: mara nyingi njia ya kwenda kula hupita katikati ya mashine zinazomeremeta, saa ya ukutani huioni, na pesa imegeuzwa vidude vya plastiki ambavyo mkono hauvionei uchungu. Hayo siyarefushi.

Linalonisumbua ni bei. Nyama yote ile, keki zote zile, mbona rahisi? Las Vegas, mji wa kasino kule Marekani, walianza mtindo huu miaka ya 1940, ili mchezaji asitoke kwenda kutafuta chakula. Hasara ya jikoni inafidiwa kwenye kamari. Ruleti ya Ulaya, ule mchezo wa kubahatisha kijipira kitatua namba gani kwenye gurudumu, ina namba 37, lakini ukiipatia moja unalipwa faida ya mara 35 tu ya dau lako. Kapengo hako kadogo, gurudumu likizunguka usiku kucha, ndiko kanakonunua kamba na minofu. Mlipaji ni baba wa watu aliyeketi ukumbi wa pili, ameshika kodi ya nyumba.

Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakayaleta. Maji safi, na kiu anayo! Akakataa, akayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya watu. Mpendwa, usiniambie umeshaombea chakula. Kabla hujachota mara ya pili, geuza shingo umtazame anayekulipia.

Na sisi tunaomsema mcheza kamari huku tumeshiba kwa hasara yake, tunamsema kwa kinywa gani?

Dada nimemshauri awaombe wenzake wakale kwingine. Wengine humu mnacheza, tena kwa siri, najua. Njoo tuonane baada ya ibada, mlango nitaufunga, na jina lako halitatajwa madhabahuni.