Nilivyobadilisha oili ya giaboksi ya Corolla 110 yangu mwenyewe, Kiamunyi Nakuru

Niseme tu mapema, kumwaga oili ya giaboksi na kuweka mpya sio kazi ngumu, kama umeshawahi kubadilisha oili ya injini na mikono yako hii utaiweza. Kazi iko kwa kutafuta oili yenyewe, na kwa ile nati ya juu, ya tundu la kujazia oili, ambayo pengine haijaguswa na mtu tangu gari ishuke meli Mombasa. Mimi nimefanya na Corolla 110 ya gia za mkono, hapa Kiamunyi, kwa uwanja wa nyumba.

Gia ya pili ndio ilinifikisha hapo. Asubuhi, haswa ile miezi ya Juni na Julai baridi ya Nakuru haina utani, ukitoka geti na namba wani ukitaka kuweka tuu, yaani hiyo ya pili, inagoma, ukiilazimisha inalia krrr mpaka majirani wanageuka, lakini ukishatembea hiyo barabara ya Ravine kidogo gari ikapata moto inaingia vizuri tu mpaka unajiuliza kama ulikuwa unaota. Nikapeleka kwa fundi mmoja akasema ni klachi. Mwingine hata hakuingia kwa gari, alisikiliza tu nikimwelezea akasema giaboksi ishushwe, ifunguliwe, sinkro (zile ringi za kusaidia gia kuingia) zibadilishwe, na akataja bei nikanyamaza.

Sasa mimi sio fundi lakini kuna vitu mtu anaweza kufikiria mwenyewe. Klachi ikiwa haiachilii vizuri ingesumbua gia zote, na reverse ndio ingelia kuliko zote, na ingesumbua hata gari ikiwa moto. Yangu ilikuwa ni ya pili peke yake, na baridi peke yake. Kitu gani kwa giaboksi kinabadilika kati ya baridi na moto? Oili. Na nikikumbuka vizuri, tangu ninunue hii gari nimemwaga ya injini kila mara bila kukosa, ya giaboksi hata siku moja, na sijui kama mwenye alikuwa nayo kabla yangu aliwahi.

Ile ya injini tunaikumbuka kwa sababu inakuwa nyeusi haraka, kule kuna moto na moshi. Kwa giaboksi hakuna kitu kinachochomwa, kwa hivyo oili inakaa miaka ikionekana sawa, lakini gia zinaisaga, zile dawa zimechanganywa ndani zinaisha nguvu, unga wa chuma unajaa na hakuna filta ya kuushika kama kwa injini. Na hizi gari za kuvuta mbele, difu, ile inayogawia tairi mbili nguvu, iko humo humo ndani ya giaboksi, zinakunywa oili moja. Ukiiharibu umeharibu viwili.

Haya, dukani. Ukiingia duka la spea hapa tauni ukisema unataka oili ya gia, utaulizwa "ninety ama one-forty?" na hapo maswali yameisha. Ile 140 ni nzito, ni ya madifu ya malori na matrekta, ukiweka kwa gari ndogo kama yangu asubuhi ya Julai hiyo gia ya pili utaisahau kabisa. Kitabu cha gari yangu kinataka 75W-90, lita 1.9. Hiyo namba ya mbele yenye W ndio inaonyesha oili inatiririka aje kwa baridi, ikiwa ndogo ndio bora kwa mtu mwenye shida kama yangu, na hiyo 90 ni uzito wake ikishapata moto. Wengi watakupatia 80W-90 wakuambie ni ile ile. Sio ile ile.

Halafu kuna GL-4 na GL-5, hayo ni madaraja ya oili ya gia kulingana na dawa zilizo ndani, na hapa nilisumbuana na kijana wa duka mpaka mwenye duka akatoka nyuma. Sinkro ni ile ringi ya shaba ya manjano inayosugua gia kwanza iifikishe kwa mwendo mmoja na shafti, ndio iingie bila kelele. Maana yake inahitaji kusugua, ikiteleza sana haifanyi kazi. GL-5 imejazwa dawa za salfa na fosforasi nyingi zaidi kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya madifu yenye meno yanayobanana kwa nguvu sana, na nyingine za hizo dawa hazipatani na shaba. Toyota wenyewe kwa hiyo 110 wanakubali GL-4 au GL-5, kwa hivyo sio kusema utaua gari, lakini sinkro yangu tayari ilikuwa inalia, kwa nini niipakie kitu cha kuteleza zaidi? Nikataka GL-4.

"Boss, five si ni kubwa kuliko four? Chukua hii, ni bora."

"Hapana kaka, sio mambo ya kubwa na ndogo, hizo ni kazi tofauti."

Mwenye duka ndiye alienda akachimbua kwa rafu ya nyuma akapata mikebe ya lita moja moja, 75W-90 GL-4, ina vumbi lakini sili iko sawa. Nikachukua miwili. Bei yake ilikuwa juu kuliko ile ya kupimiwa kwa dramu, na bado nasema ile ya dramu usinunue, hujui ni nini iko humo. Na kama gari yako sio Toyota angalia kitabu chako, kuna giaboksi za gia za mkono zinatumia ATF, ile oili ya giaboksi za otomatiki, Honda nao wana yao wanaita MTF, usifuate yangu.

Nilichukua pia washa mbili mpya za alumini, za zile nati, ni vitu vya bei ya mandazi.

Vifaa: jeki, stendi mbili, soketi namba 24, mpini mrefu, funeli, hosi paipu safi kama mita moja na nusu, beseni, na ile mitungi ya lita tano ya mafuta ya kupika. Udongo wa huku kwetu ni ule majivu majivu wa volkano, laini, jeki inazama polepole huku wewe ukidhani iko imara, kwa hivyo niliweka vipande vya mbao pana chini ya jeki na chini ya kila stendi, na mawe nyuma ya tairi za nyuma. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Hii sitaki kuieleza mara mbili.

Kwanza nilitembeza gari mpaka tauni na kurudi, ndio oili ipate moto iwe nyepesi na ule uchafu uwe umeamka. Nimerudi, nimeinua mbele, nimelala chini na soketi iko kwa nati ya chini, ya kumwagia, tayari, ndio jirani yangu akaja kusimama pale. Ni mzee, ameendesha trela za Malaba miaka mingi, hawezi kuona bonneti iko wazi akapita.

"Kijana wangu, ya juu umefungua?"

"Bado mzee, nataka nimwage kwanza."

"Sasa ukimwaga halafu ya juu ikatae, utaweka oili na nini? Na gari haitembei. Toa hiyo mkono hapo."

Hii nilikuwa naijua, nimeisoma, lakini nilidhani ni kitu cha kusemwa tu. Nilipoenda kwa ile ya juu, ambayo kwa 110 iko kwa ubavu wa giaboksi upande unaoangalia rejeta, haikusonga. Hata kidogo. Nikaipulizia dawa ya kutoa kutu, tukaiacha mzee akinihadithia Timboroa ilivyokuwa kabla barabara haijapanuliwa, nikaigonga kichwa na nyundo polepole kuzunguka, nikaweka paipu ya chuma kwa mpini ndio iwe ndefu, nikavuta. Ililia kaa! nikadhani nimeivunja, kumbe imeachilia. Tumia soketi ya pembe sita kabisa, spana ya mdomo wazi itakula hizo kona na ukishazila utaita welda. Na kabla ya kuvuta hakikisha ni nati ya giaboksi unavuta, sio ya injini, kuna watu wamemwaga oili nzuri ya injini halafu wakajaza giaboksi mara mbili.

Ya chini baada ya hapo ilikuwa kazi ndogo. Oili ilitoka kama chai ya rangi iliyokaa usiku, na ile harufu ya salfa, ya yai lililooza, ikashika uwanja wote mpaka watoto wakakimbia. Nikaiacha idondoke mpaka tone la mwisho, sikuharakisha.

Nati ya chini ina sumaku kwa ncha. Hapa nilikaa kidogo. Ilikuwa imevaa kofia ya tope la kijivu, zito, nikalisugua kati ya vidole viwili kwa mwangaza wa jua, laini kabisa kama poda, hakuna kinachochoma. Hiyo ni kawaida, ni chuma kilichosagika miaka yote hiyo. Ukipata vipande, kitu una uwezo wa kukishika na kucha, au jino la gia, hapo usiweke oili mpya ukafurahi, hapo giaboksi inashuka. Na shaba haishikwi na sumaku, kwa hivyo niliangalia kwa beseni pia, nikazungusha oili juani, kulikuwa na kung'aa kwa rangi ya dhahabu, kidogo. Hiyo ni sinkro yangu ikiisha. Mzee akaangalia akasema "bado iko siku."

Nikafuta nati, nikaweka washa mpya, nikakaza ya chini. Toyota wanasema kama 40 Nm hivi, yaani imara lakini bila kuning'inia kwa mpini, mwili wa giaboksi ni alumini, ukikaza kwa hasira utakula nyuzi.

Kujaza gari lazima iwe imekaa sawa sawa, sio pua juu, la sivyo unajidanganya na kiwango. Kwa hivyo nilishusha gari chini kabisa, nikapitisha hosi kutoka juu kwa bonneti mpaka kwa tundu la ubavuni, funeli juu, nikamwaga taratibu. Hii kazi ina usingizi, oili ya gia haina haraka, mkebe wa pili nikauweka kwanza juani ndio ikawa inashuka vizuri. Ikianza kuchungulia kwa mdomo wa tundu na kudondoka, umefika, acha itulie ya ziada itoke, funga. Kwenye mkebe wa pili ilibaki kidogo tu chini, inalingana na hiyo 1.9. Zile za kutoka nilipima kwa mtungi zikawa pungufu ya hapo, kumbe hata kiwango kilikuwa chini.

Mikono ilitoka na Omo na sukari, harufu haikutoka siku hiyo.

Oili chafu niliipeleka petroli stesheni wanakobadilisha oili, wana dramu yao. Kuna mtu aliniambia mwaga tu kwa mtaro. Mitaro ya hii tauni mvua ikinyesha inaelekea ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka, kinachoingia kinabaki.

Sasa gari: asubuhi iliyofuata, baridi ile ile, tuu iliingia. Sio kwa ulaini wa gari mpya, kuna uzito bado unaousikia kwa mkono ile mita mia ya kwanza, lakini krrr hakuna. Nilienda nayo mpaka Salgaa nikarudi, nikaangalia nati zote mbili na karatasi ya tishu, kavu. Ila nikiwa kwa tatu nikitaka kurudi tuu haraka haraka, kama nyuma ya trela kwa mlima, bado inakwaruza, hiyo ni ringi imeisha na oili haiwezi kuirudisha. Kwa hivyo naishusha pole pole, nasubiri mwendo upungue kwanza, na bei ya yule fundi wa pili nimeanza kuiwekea.