Panki la kichwani, panki la sufuriani

Juzi jamaa yangu mmoja wa Dar kaniuliza, "hivi mapanki ndo nini?" Nilicheka sana, maana kwetu Mwanza hilo ni sawa na kumuuliza mtu wa Tanga mbaazi ni nini.

Panki ni sangara, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, akishatolewa minofu kiwandani. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, basi. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, bondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwake, linaishia China huko, panki linabaki na sisi.

Sasa utamu uko kwenye jina. Nyie vijana mnajua kiduku, eti? Zamani mkato kama ule uliitwa panki, pembeni kipara katikati nywele zimesimama, na asili yake ni wale mapanki wa Uingereza, vijana wa muziki wa punk wa miaka ya 70 na 80, waliokuwa wanatembea na vichwa kama jogoo aliyekasirika. Haya mchukue sangara aliyekatwa minofu huku na huku umwangalie vizuri, ubavuni hamna kitu, katikati miba imejipanga mstari mmoja imesimama wima, yaani katoka saluni kabisa! Wenzetu wa Kisumu wanaita mgongo wazi, nalo zuri, ila halina mbwembwe.

Halafu ikaja ile filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, iliyoionyesha dunia nzima mapanki kama chakula cha maskini huku minofu ikienda Ulaya, kelele zikawa nyingi mpaka 2006 Rais Kikwete mwenyewe akaizungumzia. Toka hapo ukisema umekulia panki mtu anakuangalia kwa huruma. Mimi huruma hiyo siitaki jamani. Sikatai, kuna yale yaliyokuwa yanaanikwa juani na nzi wake, ukipita unaziba pua. Lakini mama alikuwa ananunua kichwa kibichi, anakichemsha na nyanya, ndimu na pilipili moja nzima, na pale shavuni kuna kipande cha nyama laini ambacho kisu cha kiwanda hakikifikii, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunakigombania mpaka tunachapwa, ugali unapoa tu.

Basi yule jamaa nikamtumia picha mbili WhatsApp, moja ya panki juu ya meza, nyingine ya mpwa wangu katoka kunyoa kiduku, kapigwa kipara pembeni.

Akajibu neno moja tu: "duh".