Kidude changu kiko kwa jirani

Jumapili, saa nne usiku

Leo sina cha kusomea kitandani. Si kwamba nyumba hii haina vitabu. Vimo, kabati zima sebuleni na boksi moja chini ya kitanda. Ila umeme umekatika tangu magharibi, na kile kidude changu cha kusomea vitabu vya kielektroniki, chenye vitaa vyake ndani, ambacho usiku kama huu ndicho hunivusha, kiko kwa jirani. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu. Basi naandika hapa kwenye simu, chaji asilimia 31, huku mwenzangu anakoroma na mbu wanaimba nje ya chandarua.

Nilikinunua miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya pantoni. Anayeishi Kigamboni na kufanya kazi Posta ataelewa bila kuelezwa. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, lakini kuna kusubiri, kuna kusukumana, kuna mkoba begani na mfuko wa chakula cha mchana, na mkono mmoja lazima ushike bomba. Kitabu cha kurasa 400 kinataka mikono miwili na utulivu. Kidude kina gramu mia mbili na kitu, kidole gumba kinafungua ukurasa, safari inaendelea. Na lile jua la asubuhi baharini, ambalo likipiga kioo cha simu unabaki kujitazama sura yako mwenyewe, kwake si kitu.

Kijana mmoja wa kompyuta pale kazini ndiye aliyenieleza sababu. Kioo chake ndani kina vitembe vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kitembe kimejaa chembe nyeupe na nyeusi. Umeme ukipita, za rangi moja hupanda juu, za rangi nyingine huzama, ukurasa umeandikika. Zikishajipanga hukaa hapohapo bila kula chaji tena, ndiyo maana nachaji mara moja kwa wiki mbili hivi. Mwanga unaosomea ni uleule wa jua, unapiga juu na kurudi machoni kama kwenye karatasi. Vile vitaa vya pembeni ni vya usiku. Tangu siku hiyo nimekiheshimu zaidi. Zamani nilidhani ni simu iliyokosa rangi.

Kwa miezi kama sita sikugusa karatasi. Nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma tangu sekondari.

Kasheshe ilianza nilipotaka kusoma Kiswahili. Vya kununua vilivyoandaliwa kwa vifaa hivi ni vya kutafuta kwa tochi. Tulivyonavyo wengi ni zile PDF za magrupu ya WhatsApp, mtu kapiga picha ukurasa mmoja mmoja, kidole chake kinaonekana pembeni, na mwandishi hapati hata senti. Nimezipokea mimi pia, sitajifanya malaika. Kwenye kioo cha inchi sita herufi zake zinakuwa kama sisimizi; ukivuta zikue, mstari unatoka nje na unabaki kusukuma kushoto na kulia kama anayepiga deki.

Halafu kamusi. Yangu inajua Kiingereza tu. Kidole kikikaa kwenye neno kwa bahati mbaya, kinajitokeza kisanduku cha maelezo. Niligusa “pole”, nikaambiwa ni mti mrefu wa kusimikia. “Mate” ni mwenzi. “Wake” ni kuamka. “Dude”, eti kijana wa kiume. Nilicheka peke yangu pantoni mpaka mzee wa pembeni akasogea.

Huyo mzee hakuniuliza nasoma nini. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kitu. Enzi za vitabu vya karatasi, haipiti wiki bila mtu kuinamisha shingo asome jalada: “Samahani dada, hicho ni kitabu gani? Hivi yule bwana anamwacha kweli?” Nilishawahi kubishana na muuza samaki kutoka Kigamboni mpaka Feri juu ya riwaya ambayo yeye aliisoma akiwa kidato cha tatu na mimi ndiyo nilikuwa katikati. Aliniharibia mwisho, lakini tulicheka. Kwa kidude, miaka mitatu, hakuna aliyeniuliza lolote. Wanaona mwanamke anachezea simu.

Hata mwanangu. Mama mkwe alipokuja Pasaka akamuuliza, “Mama yako bado anapenda vitabu?” Mtoto wa miaka minane, mdomo umejaa chapati, akajibu, “Hapana bibi, siku hizi anashinda kwenye tableti.” Nilitaka kujitetea. Nitetee nini? Mimi nilijifunza kupenda kusoma kwa kumwona baba kajifunika uso na kitabu, nikijua huyu sasa hasumbuliwi. Mwanangu yeye anaona mgongo wa plastiki nyeusi, na ndani inaweza kuwa riwaya, inaweza kuwa umbea.

Jioni ile nililitoa boksi la baba. Alikuwa mwalimu. Yalikuwa maboksi mawili, la pili lililiwa na mchwa tulipoliacha sakafuni msimu mmoja wa masika, tukafungua tukakuta udongo na majalada. Tena haya ndiyo hayasemwi na wanaosifu harufu ya karatasi: pwani hii karatasi ina maadui, unyevu, mchwa, mende, na ndugu wanaoazima. Kwenye boksi lililonusurika mna Shamba la Wanyama cha George Orwell, tafsiri ya Kawegere ya mwaka 1967, kurasa rangi ya chai, gundi imekwisha. Pambizoni baba kaandika kwa penseli: “Si kweli!” Ukurasa wa mbele, kwa kalamu nyingine: “Ni kweli.” Sijui ilipita miaka mingapi kati ya penseli na kalamu.

Kitabu hichohicho, kwa Kiingereza, ndicho kilichoponza watu Marekani mwaka 2009. Amazon iligundua kwamba aliyekiuza kwenye duka lake hakuwa na haki nacho, hicho pamoja na 1984 cha mwandishi yuleyule, ikavifuta kwenye Kindle, vidude vyake vya kusomea, za watu waliokwisha kuvilipia. Walirudishiwa pesa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini hebu fikiri, muuza vitabu aingie kwako usiku, achukue kitabu kabatini, aache noti mezani! Cha baba hakuna aliyekuja kukidai isipokuwa mchwa, nao hawakukifikia.

Sasa jirani. Yeye na mimi tuna mkataba usioandikwa: mimi nanunua, yeye anaazima, vitabu vinarudi vikiwa na madoa ya manjano na risiti ya luku katikati ya kurasa. Juzi karudisha sehemu ya pili ya hadithi ndefu tuliyoianza pamoja. “Shoga, lete ya tatu.” Ya tatu ninayo kwenye kidude tu. “Basi nirushie WhatsApp.” Haitoki, nikamwambia, ina kufuli, nimelipia ruhusa ya kusoma, sikununua kitabu. Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa anavyotazamwa na wenzake. “Yaani umenunua kitu usichoweza kumpa mtu?”

Nikaona aibu, nikampa mzigo mzima, na chaja yake, mpaka Jumatatu.

Sikufikiria kwamba kumpa kidude si kumpa kitabu kimoja. Nimempa kabati lote, na kila nilipopigia mstari, na kila nilipoachia njiani, maana kidude kinaandika umefika wapi kwa kila kitabu. Ujumbe wake umeingia sasa hivi, naona na kwake giza halijamzuia:

“Shoga hii ya tatu tamu balaa. Ila hiki cha kupunguza mwili, mbona umeishia asilimia 4?”