Njaa ya kwenye runinga na gunia la michembe

Kila msimu mpya wa Alone, kipindi cha runinga cha Marekani cha watu wanaoachwa peke yao porini, unapotoka, swali linalovuka bahari hadi huku ughaibuni kutoka Kirumba na Igoma, mitaa ya Mwanza kando ya Ziwa Victoria, ni lile lile: hawa watu wanaliaje njaa na ziwa liko mlangoni kwao? Ni swali la haki. Mtu aliyezoea mwalo, ufuko wa kupakulia samaki, akimwona mwanamume mzima kando ya Great Slave Lake, kaskazini mwa Kanada, anagawa panya mmoja milo miwili, lazima aulize wavu uko wapi na wenzake wako wapi.

Wenzake hawapo kwa sababu kanuni zinawakataza. Tangu kipindi kianze mwaka 2015, kwa kawaida watu kumi hushushwa kila mmoja mahali pake, mbali asimwone mwingine, na kila mmoja huchagua vitu kumi tu kutoka kwenye orodha: sufuria, shoka, msumeno, chuma cha kutoa cheche, begi la kulalia, waya wa mitego, upinde, uzi na ndoano, na katika misimu kadhaa wavu. Nguo na kamera hazihesabiwi. Kila mtu hujirekodi mwenyewe. Akishindwa anapiga simu ya setilaiti, anafuatwa. Anayebaki wa mwisho huondoka na dola 500,000. Msimu wa saba, wa mwaka 2020, ulibadilisha sharti ukawa siku 100 kwa dola milioni moja, na aliyezimaliza ni Roland Welker, baada ya kuua mnyama wa jamii ya mbuzi mwenye manyoya marefu na mwili wa fahali.

Ukiondoa mandhari, kinachoshindaniwa pale ni nani atakonda polepole zaidi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Mtu mzima anayekata kuni na kuchota maji kwenye baridi humaliza kwa urahisi kalori 2,500 hadi 3,000 kwa siku. Kwa hiyo aliyejinenepesha kilo kumi kabla ya kwenda amebeba chakula cha karibu mwezi mzima chini ya ngozi yake, na wanaoijua hesabu hiyo hufanya hivyo makusudi. Ndiyo maana unamwona mtu amelala mchana kutwa, na watazamaji wanamwita mvivu. Si uvivu. Kutembea kilomita tano kufuata mtego ulionasa sungura mmoja ni biashara ya hasara. Nyama ya sungura haina mafuta ya kutosha, na mtu akiila hiyo tu kwa wiki kadhaa atajaza tumbo na bado ataharisha na kuishiwa nguvu. Madaktari huwapima kila baada ya muda, na aliyekonda kupita kiasi huondolewa hata kama anataka kubaki. Msimu wa tatu, huko Patagonia, mshiriki mmoja aliondolewa hivyo siku ya 86.

Survivor, kipindi kingine cha runinga, ni mchezo wa siasa na kupigiana kura, na njaa ni kiungo tu. Toleo la Marekani lilianza mwaka 2000. Kwa miaka mingi lilikuwa la siku 39, na tangu msimu wa 41 zimebaki 26. Msimu wa tatu ulirekodiwa mwaka 2001 katika Hifadhi ya Shaba, kaskazini mwa Kenya, na huo ndio wa kutazamwa na mtu wa Afrika Mashariki. Washiriki wamejizungushia boma la miiba kama watu waliotupwa mwezini, wanashindanishwa kunywa damu ya ng'ombe huku nyuso zimekunjamana, na ukitoka nje ya hifadhi unakutana na Wasamburu na Waborana wanaochunga mifugo na kupeleka watoto shule. Mfugaji akiichanganya damu hiyo na maziwa, anaita chakula.

Turudi kwenye wavu, maana hapo ndipo watu wa ziwa wana la kusema. Katika orodha yote ile, wavu wa kutega, ule unaoitwa makila kwenye mialo yetu, ndio unaofanya kazi wewe umelala. Lakini una masharti yake. Unategwa jioni, ukitoka ufukweni kwenda kwenye kina, wala si sambamba na ufukwe, kwa sababu samaki wengi hupita wakifuata ukingo. Kamba ya juu ina maboya, ambayo kwetu mara nyingi hukatwa kwenye ndala chakavu. Ya chini ina chubwi au vijiwe. Maboya yakizidi nguvu, wavu mzima unaelea, na chubwi zikizidi unalala topeni na kukamata magogo. Uache ulegee kidogo, kwani wavu uliokazwa sana humgonga samaki pua akageuka. Anatakiwa apitishe kichwa kwenye tundu, akijaribu kurudi nyuma matamvua yanamshika. Kuukagua ni alfajiri. Ukichelewa samaki wanaanza kulegea, na fisi-maji atakuachia vichwa.

Kwenye runinga adui wa wavu ni barafu. Ziwa likiganda usiku mmoja wavu ukiwa juu juu, ukiuvuta unabaki na kamba. Mwanza adui ni magugu maji yanayosukumwa na upepo, na wezi, ambao hakuna mtayarishaji aliyewahi kuwaingiza kwenye kipindi. Kosa kubwa la washiriki ninaloliona ni kutoushona. Shimo la kiganja leo ni mlango kesho kutwa, na sindano ya kushonea nyavu huchongwa kwa kijiti kigumu ndani ya nusu saa.

Dagaa ndio hawawezekani kabisa kwa mtu mmoja. Boti hutoka jua likizama na watu kama wanne, taa zinawekwa zielee juu ya maji kwa kupeana nafasi, zamani karabai na sasa nyingi ni za betri na sola, halafu ni kusubiri. Wadudu wanafuata mwanga, dagaa wanafuata wadudu, ndipo taa zinakusanywa taratibu na wavu unazungushwa. Mmoja anashika taa, mmoja kasia, wawili wanavuta. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hutawanyika kwa sababu mwanga uko kila mahali, kwa hiyo kazi ni siku za giza. Zile siku za mwezi mpevu watu wanashona nyavu na kuziba boti. Muda huo wa kukaa bila kuvua unaliwa kwa akiba, na akiba ndiyo kitu ambacho kipindi kimemnyang'anya mshiriki kabla hajashuka kwenye boti.

Sasa akiba yenyewe. Dagaa wakimwagwa mchangani asubuhi na jua likawaka vizuri, hadi jioni wamekauka, lakini wanakauka na mchanga wao. Kichanja kilichotandikwa wavu mkuukuu ni bora mara kumi: hewa inapita chini, kuku hawafiki. Watandazwe wasipandiane, wageuzwe walau mara mbili. Mvua ikiwakuta nusu njia, wanavunda, mafuta yao yanageuka rangi ya kutu, na mzigo uliokuwa wa watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kumpima dagaa mkavu usitumie macho. Mvunje. Akikatika kwa mlio yuko tayari, akipinda kama ngozi, tumboni bado ana maji na gunia zima litaota ukungu.

Usukumani kuna akiba nyingine ambayo ningependa kuiona mikononi mwa mshiriki mmoja tu, tuone kama kipindi kingefika mwisho. Viazi vitamu vikivunwa, vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba vibichi na kuanikwa juu ya mawe, na mawe Mwanza hatujawahi kupungukiwa. Hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, ni matobolwa. Tofauti ni ya maana: michembe lazima ipikwe, mara nyingi kwa karanga, lakini matobolwa unayatia mfukoni na kutafuna njiani bila moto. Msimu wa kiangazi, Juni hadi Agosti, siku mbili tatu za jua zinatosha vipande vikiwa vyembamba. Vipande vinene hukauka ngozi na kubaki na unyevu katikati, na hapo ndipo weusi unapoanzia. Gunia lifungwe vikiwa vimepoa, liinuliwe juu ya mbao lisiguse sakafu, na litolewe juani mara kwa mara kwa ajili ya fukusi.

Kwa walio huku ughaibuni wanaopokea mzigo kutoka nyumbani: tamka kila chakula forodhani, hata kama ni kifurushi cha kiganja, maana faini inauma kuliko kunyang'anywa. Dagaa wa mchangani watoe vichwa, waloweke maji ya vuguvugu dakika kumi, wasugue kwa mikono na kuwainua kutoka kwenye maji. Usiyamwage maji pamoja nao kwenye chujio, mchanga wote utarudi juu yao. Rudia hadi chini ya bakuli pawe safi. Na usiwakaange kwenye moto mkali ndani ya ghorofa lililofungwa madirisha kwa baridi. King'ora cha moshi kitalia, jengo zima litashuka nje kwenye theluji, na harufu utaieleza kwa lugha ambayo bado unajifunza.

Maji runinga inayaonyesha nusu. Kuchemsha ni sahihi: yakishatokota vizuri dakika moja inatosha kwa mwinuko wa Mwanza, ambako ziwa liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Bila kuni, chupa safi ya plastiki ya lita moja au mbili, angavu, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa muda wa saa sita, huua vijidudu vingi. Kukiwa na mawingu hesabu siku mbili. Lakini ukimwona mshiriki anajitosa ziwani kuoga, usimwige kwenye Ziwa Victoria. Kichocho hakipiti kwenye kikombe tu, kinapita kwenye ngozi. Vimelea hutoka kwenye konokono wa majini penye majani na maji yaliyotulia, wengi zaidi jua likiwa kali, na hutoboa ngozi kwa dakika chache. Maji ya kuoga yakichotwa na kuachwa kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili bila konokono, vimelea hao wanakuwa wamekufa.

Jambo ambalo hakuna kipindi kilichonionyesha sawasawa ni ziwa usiku. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, na radi nyingi za Victoria hujikusanya katikati ya maji kuanzia usiku mkuu hadi alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Ukiona umeme upande mmoja na upepo umekatika ghafla, taa zinatolewa majini hapo hapo, hata kama dagaa wamejaa. Boti ikipinduka, kaa nayo. Mbao zinaelea, na mtu aliyeshika boti anaonekana kuliko kichwa kimoja kwenye mawimbi. Asiye na jaketi okozi afunge dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, kwa kamba kwenye boti kabla ya kutoka. Dumu moja linambeba mtu mzima asizame. Maji yale hayagandi, lakini mtu aliyelowa usiku kucha kwenye upepo hutetemeka hadi mikono ikakataa kushika kamba, ugonjwa ule ule unaowatoa watu kwenye misimu ya Kanada.

Kuhusu baridi, hilo ndilo somo ambalo kipindi kinamfaa mgeni aliyefika jana kutoka Nyegezi. Pamba ikilowa jasho haikukingi, vaa sufu au kitambaa kinachokausha jasho karibu na ngozi. Glavu za vidole vyote pamoja zinapasha kuliko za kidole kimoja kimoja. Kipimo cha baridi pamoja na upepo kikishuka kati ya nyuzi 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, muda wa kusubiri basi lililochelewa.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haipewi muda mrefu: mshindi akishafuatwa na familia yake, baada ya kukumbatiana. Watu wa nyumbani hutarajia apewe sinia. Hapewi. Mwili uliokaa na njaa wiki nyingi ukijazwa wanga ghafla, chumvi za damu, hasa fosfeti na potasiamu, hukimbilia ndani ya chembe za mwili, na moyo unaweza kusimama mtu akiwa ameshika kijiko. Huanza na kidogo sana chini ya macho ya daktari, damu ikipimwa, kiasi kikipandishwa siku hadi siku. Sato na ugali vitamsubiri.